Mzigo Haugusi Chini

Kaka Rama,

Shikamoo.

Shuleni tumefundishwa kwamba barua kwa ndugu huanza kwa kumjulia hali, kisha ndipo unaeleza hali yako. Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri nikitafuta namna ya kukujulia hali, nimeshindwa. Kwa hiyo naanza na yetu. Nisamehe mpangilio.

Sisi tuko wazima. Mama ameanza kula. Baba amerudi karakanani, ingawa siku nyingine anapanga mbao tu, anazipangua, anazipanga tena. Mimi nimekuwa wa nne darasani badala ya wa pili. Najua ungesema nini, kwa hiyo usiseme. Hesabu ndizo zilizoniangusha. Mtihani ulifanyika wiki ileile tuliyokuwa tukilala hospitali kwa zamu, nikakuta swali la pembetatu na nisikumbuke hata pembetatu ina nini.

Jagi lako la bluu bado liko juu ya friji. Mama hulijaza kila asubuhi, na jioni humwagia mchicha maji yake. Hakuna aliyemwambia aache.

Nakuandikia kwa sababu jana, Jumamosi, limetokea jambo, na mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia ni wewe. Nilikuwa nimeshafika nusu ya ua nikielekea chumbani kwako, ndipo nikakumbuka. Nikarudi. Sasa nataka nikusimulie kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe unaanza siku ya mazishi, ambayo ulikuwapo lakini hukuiona.

Watu walijaa mtaa wote wa Gongoni, kaka. Walikuja waliokuwa wakikupigia kelele ukipima spika uani, na walikuja wale vijana wa klabu mliyokuwa mkipiga muziki, wamevaa kanzu za kuazima, hawajui waweke wapi mikono. Jeneza lilipoinuliwa, sisi wanawake tulikuwa barazani. Wanaume wakaenda nalo mpaka langoni, na pale langoni wakapunguza mwendo. Wakasimama kabisa. Sikuelewa kwa nini. Mama alielewa. Alinyanyua kichwa akawa anatazama lango, na wote walikuwa wanamtazama Yona, mwenzako wa muziki.

Unakumbuka siku nilipokuja na daftari la Historia nikawasomea wewe na Yona? Mlikuwa mnakunja nyaya pale karakanani. Nikasoma kwamba babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka hapa Tabora mpaka pwani, na kila walipofika Ugogo msafara ulizuiwa mpaka utoe hongo, ndipo upewe maji na kupita, na kwamba huenda utani wetu na Wagogo ulianzia huko. Yona akaruka: "Umesikia? Babu yangu alikaa kivulini akingoja hongo, babu yako anatokwa jasho na pembe ya ndovu begani!" Wewe ukamjibu, "Basi leo na wewe utabeba. Shika spika hiyo." Jina la kundi lenu, Wapagazi Wawili, lilizaliwa palepale. Yona alilikataa wiki nzima. Alisema Mgogo kuitwa mpagazi ni aibu atakayozikwa nayo.

Kwa hiyo langoni watu walikuwa wanamngoja. Mtani wako ndiye angetakiwa kusimama njiani, atanue mikono, aseme jeneza halipiti bila hongo, amtukane marehemu kwa uvivu wake, watu wacheke huku wanalia. Mama anasema mtani ndiye anayefungua msiba, na usipofunguliwa hubaki ndani ya nyumba kama moshi wa kuni mbichi.

Yona alikuwa ameegemea nguzo ya lango. Alitazama jeneza. Akafungua mdomo. Kisha akasogea pembeni, akapisha.

Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Leo Mgogo kafungwa mdomo." Ukapita, kaka. Mama akajifunika uso akasema kwa Kinyamwezi kile ambacho nitakuandikia kwa Kiswahili: mwanangu amepita bure, kama mtu asiye na mwenzake.

Siku iliyofuata Yona alileta vyombo vyote kwa mkokoteni: kompyuta, pedi yako ya kupigia midundo, ya vitufe kumi na sita, nyaya zimekunjwa vizuri kama ulivyopenda, na yale masanduku mawili ya spika ambayo Baba aliwatengenezea kwa mbao za mninga. Akayaingiza karakanani, akayageuzia ukutani. Akamwambia Baba, "Hivi ni vya Rama," akaondoka bila kunywa hata maji.

Unamjua Baba. Hakuwahi kuja kuwasikiliza hata siku moja. Alikuwa akisema muziki usio na mwimbaji ni kitanda kisicho na miguu. Lakini masanduku yale aliyapiga msasa siku tatu, na uliposema rangi nyeusi ndiyo inayopakwa spika za klabu, alikutazama kana kwamba umeomba kupaka matope kwenye ngozi ya mtoto. "Mninga haupakwi rangi," akasema, na ndivyo mlivyokuwa watu pekee wenye spika zinazong'aa kama meza ya bwana harusi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi alisema atayavunja, atengeneze kabati, kwa sababu mbao kama zile hazipatikani tena kirahisi. Nilimwona akichukua bisibisi. Alifungua parafujo moja, akafungua ya pili. Kisha akakaa kwenye kigoda, akakaa sana, akaniambia nimletee chai. Kabati halikutengenezwa.

Mimi nilikuwa nikiingia mle kila jioni kufanya hesabu, kwa sababu kuna taa nzuri. Nilikuwa nakaa na migongo ya spika. Nikiinama kwenye swali nilikuwa nasikia Jumamosi zote.

Watu hudhani nina hamu na klabu. Sijawahi kuwaona mkipiga usiku, na wewe ndiye uliyekataa kabla hata ya Baba. Mimi nina hamu na saa tisa alasiri. Nina hamu ya kuwaletea wali kwenye bakuli, viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu inanuka sabuni na bia ya jana, na lile tufe la vioo limejaa vumbi, likingoja mlango ufunguliwe ndipo lirushe nukta chache ukutani. Nyinyi wawili nyuma ya meza moja: wewe kushoto na pedi, Yona kulia na kompyuta, na jagi lako katikati. Usiku watu walidhani lile jagi lina gongo. Yona alikuwa akiwaambia, "Hii ni kali, haimfai mtu wa kawaida." Na walipowauliza mwimbaji wenu yuko wapi, alisema, "Yuko njiani, anatoka Ujiji kwa miguu."

Mimi nilijua kwamba ni maji, kwa sababu ya selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, na nilijua kwa nini mlipiga namna ile. Magoti yalipoanza kukuuma uliweka mkono begani kwa Yona, bila kumtazama. Yeye alianza kupiga mdundo ule ule chini ya wako, taratibu, mpaka ukae sawasawa. Kisha alisema, "Nimeshika." Hapo tu ndipo ulipoachia. Na yeye akichoka, vivyo hivyo kwako. Mlisema ndivyo wapagazi walivyopokezana: mzigo haugusi chini, na huachii mpaka mwenzako aseme ameshika. Watu wa klabu waliona ni mtindo. Hawakujua kwamba mara nyingine ulikaa chini nyuma ya meza, umekunja uso, unakunywa maji, na muziki haukuonyesha chochote.

Ulinifundisha na mimi, kwenye mfuniko wa ndoo ya Mama. Ukaniambia nihesabu nne na nisiwahi kufika kwenye nne kabla ya nne yenyewe. "Haraka yako ndiyo inayokufelisha hata pembetatu," ukasema.

Basi, nikasikia Yona amekata tiketi ya treni ya Dodoma. Nilisikia sokoni, kwa mama anayemuuzia chapati. Anarudi kwao moja kwa moja, ataacha hata meza yake ya kutengenezea simu kule Ipuli. Treni yake ilikuwa Ijumaa. Arobaini yako ilikuwa Alhamisi.

Nilirudi nikamwambia Mama. Alikuwa anachagua mchele. Hakusimamisha mkono. Akasema, "Ana aibu. Mtani asiyetania msibani hubeba msiba wa watu wawili. Lakini arobaini bado mlango uko wazi, anaweza kuja."

Nikasema, "Basi Baba amwite."

"Baba yako amwite amwambie nini? Njoo unitanie? Mtani haitwi kwa heshima, Zaituni. Mtani huchokozwa."

Kaka, unanijua. Mimi humwamkia Yona shikamoo hata tukikutana mara tatu kwa siku. Nilikuwa nikiwasikia mkitukanana na nikiona haya kwa niaba yenu. Njia nzima kutoka shuleni mpaka Ipuli nilikuwa narudia maneno kama mtu anayekariri shairi la mtihani.

Alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa, ameshika kile chuma chake cha moto cha kuungia nyaya. Palikuwa na mama mmoja kwenye benchi anangoja simu yake. Nikasimama mbele ya meza na sare yangu na begi langu. Sikuamkia.

Nikasema, "Wewe Mgogo."

Akainua kichwa akatazama nyuma yangu, kuona nani amesema.

"Nasema na wewe, mla mlenda. Nimesikia unatoroka. Babu zako walizuia misafara mizima, watu mia na bunduki zao. Wewe umeshindwa kuzuia jeneza moja la mtu mwembamba!"

Yule mama kwenye benchi akashika kifua. "Mtoto gani huyu hana adabu! Na sare ya shule!" Kisha akafikiri kidogo, akaniuliza, "Wewe kabila gani?"

Nikasema, "Mnyamwezi."

"Na wewe fundi?"

Yona akasema polepole, "Mgogo."

"Aa," yule mama akasema, akaegemea ukuta. "Basi endeleeni."

Yona akaanza kucheka. Alicheka kama mtu aliyesahau namna yake, kwa kukohoa. Akasema, "Zai, nani kakufundisha ukorofi huu?" Nikamwambia, "Nyinyi wawili. Miaka minne." Akaendelea kucheka, akaweka kile chuma chini, akafunika macho kwa mkono, na nikaona si kicheko tena.

Ndipo aliponiambia jambo ambalo wewe unalijua na sisi hatukulijua.

Alisema siku ile ya mwisho hospitali, Mama alipotoka kwenda kuswali, uliweka mkono begani kwake. Uliuweka tu, kama mezani. Na yeye akaelewa unachotaka aseme. Akakataa. Akakuambia, "Toa mkono wako hapa, mvivu wewe, Jumamosi utapiga mwenyewe." Aliona akisema ameshika, utaachia. Alidhani asiposema, itabidi uendelee kushika.

"Nilimwacha anashika peke yake," akasema. "Mpaka mwisho anashika, na mimi nipo. Halafu nisimame langoni nidai hongo? Hongo ya nini? Mzigo umeshaanguka, Zai. Mimi ndiye niliyeuangusha."

Nilitazama ile simu iliyofunguliwa, parafujo zake ndogo ziko kwenye kifuniko cha soda, na nikasema lililokuja. Nikasema, "Haujaanguka. Uko kwa Baba karakanani, umegeuziwa ukutani. Naufutia vumbi mimi. Na wewe una tiketi."

Akaokota parafujo moja, akairudisha kwenye kifuniko.

Nikasema, "Alhamisi ni arobaini. Ukitaka kupanda treni Ijumaa, panda. Lakini Alhamisi njoo udai hongo yako. Usipokuja nitawaambia Wanyamwezi wote wa Tabora kwamba Wagogo sasa wanapisha njia bure." Kisha ujasiri ukaniishia. Nikamwambia shikamoo, kwa mazoea tu, nikaondoka mbio. Nyuma yangu nikamsikia yule mama akisema, "Huyo mpe treni yeye, fundi. Ataiendesha."

Alhamisi hitma ilisomwa asubuhi. Ilikuwa nzuri, kaka. Baba alisoma mpaka mwisho bila sauti kukatika. Watu wakala pilau, na mimi kila nikipeleka sahani nilikuwa natazama lango. Hakuwapo. Watu wakaanza kunawa. Hakuwapo. Mama akaniambia kwa macho tu: basi, umejaribu.

Halafu wazee walipoanza kutoka, kukawa na msongamano. Hawatoki. Nikapanda kwenye ngazi ya baraza.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya lango, miguu ameinyoosha kutoka nguzo hadi nguzo, kichwani amevaa kofia yako nyekundu. "Hapiti mtu hapa," akasema. "Mtoto wenu mlimpitisha bure, mkadhani Mgogo amelala. Nadai hongo ya siku ile na ya leo."

Mzee wa kanzu ya kahawia, yule yule aliyesema amefungwa mdomo, akamwambia, "Toka njiani, ombaomba wewe, watu wana swala!"

"Swala nendeni, mzee wangu. Ila viatu viacheni."

Watu wakaanza kuangua kicheko. Yona akasimama akawa wewe. Akatembea na magoti yako, yale ya siku za baridi, huku akijidai hayaumi. Akanyanyua jagi la hewani akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta kwa kiwiko. Akanigeukia mimi mbele ya watu wote: "Zaituni! Hesabu umepata ngapi? Wa nne? Mimi nimekufa siku arobaini tu, tayari wa nne?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Jirani akaenda kumshika ambembeleze. Mama akatoa uso, alikuwa anacheka. Anacheka, kaka, machozi yanamtiririka. Akaingia jikoni akatoka na ungo wa matobolwa, vile viazi vikavu, akamwekea Yona mapajani: "Haya, hongo yako hiyo. Kula, ufunge mdomo."

"Wapagazi na viazi vyao vya safari," Yona akasema, huku tayari anatafuna. Akainua miguu. Watu wakapita. Mmoja mmoja alimgusa bega akipita, na mzee wa kanzu ya kahawia alimpiga kofi dogo la kisogoni, akamwambia, "Sasa kijana amezikwa."

Ijumaa treni ilipita. Nilikuwa darasani, nikaisikia ikipiga honi, nikaweka kalamu chini. Sikujua yumo au hayumo.

Jumamosi saa nane mchana alikuja na mkokoteni.

Sasa sikiliza vizuri, hili ndilo lililonifanya nikuandikie.

Alimwomba Baba masanduku. Alisema meneja wa klabu amemruhusu apime sauti, aone kama mkono bado unajua njia. Baba akachukua koti lake akavaa. Kisha akashika sanduku la kushoto upande mmoja akamwambia Yona ashike upande wa pili. Tukaenda watu watatu na mkokoteni, mimi na bakuli la wali kama zamani, na jagi lako. Mama alinipa mwenyewe, limejaa.

Baba hakuwahi kuingia mle ndani. Alisimama mlangoni akatazama lile tufe la vioo. Akatazama viti vilivyopinduliwa. Akashika mguu wa kiti kimoja akautikisa, akasema, "Gundi mbaya." Ndipo akaingia.

Yona akaunganisha nyaya. Nafasi yako ya kushoto akaiacha vilevile, pedi mezani, jagi katikati. Akaanza na biti ile ambayo hamkuimaliza. Sauti ilipotoka tu, Baba akanyanyua kidole. "Sanduku la kushoto linalia," akasema. "Lizime."

Yona akazima. Baba akaenda, akapiga magoti nyuma ya sanduku, akatia mkono mfukoni, akatoa parafujo mbili. Zile mbili, kaka. Alikuwa anatembea nazo tangu siku ile. Akazirudisha mahali pake kwa bisibisi, akakaza, akapitisha kiganja juu ya mbao. "Haya. Washa."

Ikawaka, na sasa ikatoka safi. Nne, nne, kifuani. Kisha ikaingia ile sauti nyingine, ya kukwaruza, ndefu, inayovutwa na kurudi, shaa, shaa. Mimi nilikuwa naijua. Nilishika simu yako mwenyewe siku ile mlipoirekodi kupitia dirisha la karakana, wewe ukiniashiria nisicheke. Baba alikuwa hajui. Aliinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza mbao akiigonga. Akasikiliza mapigo manane, labda kumi na mawili.

"Hiyo ni randa yangu," akasema.

Yona akasema, "Ndiyo, Baba. Rama alisema bila hiyo muziki hauna miguu."

Baba akageuka upande wa ukuta. Tulipomwona uso tena alisema, "Siku hiyo ilikuwa butu. Mngeniambia ningeinoa." Akavuta kiti kimoja kutoka juu ya meza, akakiweka chini, akakaa mbele kabisa, mikono magotini, kama mtu aliyealikwa.

Yona akaendelea. Alikuwa anabeba peke yake, pedi na kompyuta, mikono miwili kwenye kazi ya minne. Nikaona jasho. Tukafika pale ambapo biti ina uwazi, pale ambapo siku zote zamu inabadilika. Naye, kwa mazoea, bila kutazama, akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta bega lako.

Sikufikiri. Nilikuwa nimeweka bakuli chini na nimeshafika. Bega langu liko chini kuliko lako. Mkono wake ulikwenda hewani, ukashuka kidogo, ndipo ukakuta mtu. Akashtuka, lakini mkono mwingine haukusimama. Nikaweka vidole kwenye vitufe vyako. Nikahesabu nne. Nikaingia chini ya mdundo wake, taratibu, kama kwenye mfuniko wa ndoo. Nilikosea kimoja. Nilifika kwenye nne kabla ya nne. Yona akanong'ona, "Usikimbie, mla matobolwa. Pwani mbali." Nikarudi. Ukakaa sawa.

Nikasema, "Nimeshika."

Hakuachia upesi. Kisha akasema, na najua hakuwa anasema na mimi, "Nimeshika, Rama. Nimeshika na mimi, ndugu yangu." Ndipo akainua mkono, akakaa chini nyuma ya meza, akanywa maji ya jagi lako mpaka nusu.

Nilibeba mpaka mwisho wa biti, kaka. Vidole viliniuma. Randa ya Baba ilikuwa inapita kila baada ya nne, na Baba mwenyewe alikuwa anapiga unyayo kwenye sakafu. Mguu mmoja tu, tena kwa siri, lakini nilimwona.

Njiani kurudi Baba alitoa masharti, na nimeyakubali yote. Shule kwanza. Jumamosi alasiri tu, karakanani, mlango wazi, na saa kumi na mbili niwe ndani. Klabu siingii usiku mpaka nimalize shule na niwe mtu mzima, na siku hiyo ikifika yeye ndiye atakayenipeleka. Kwa sasa nitapiga sehemu ya kushoto mchana, Yona airekodi, usiku aende nayo. Jina litabaki lile lile. Yona alikuwa amesharudisha tiketi. Amesema Dodoma itangoja, imezoea ukame.

Mimi naahidi haya. Hesabu nitazirudisha mpaka ile nafasi ya pili, na baada ya hapo nitaitafuta ya kwanza. Biti ya randa tutaimaliza. Baba ameshainoa randa yenyewe, amesema turekodi upya. Jagi halitakaa mezani tupu. Na nikichoka sitajidai, nitaweka mkono begani kwa mwenzangu kama ulivyofanya, kwa sababu nimeelewa sasa kwamba hukuwa dhaifu hata kidogo ulipouweka.

Jua linashuka, Mama ananiita nikaswali. Hii barua nitaiweka ndani ya sanduku la kushoto, nyuma ya spika, Baba amesema atanifungulia parafujo mbili. Kila Jumamosi itatikisika kidogo, utajua tunapiga.

Lala salama, kaka yangu. Mungu akupe pumziko ambalo magoti yako hayakukupa.

Nimeshika. Achia.

Mdogo wako,
Zaituni